Kilio cha Mama Lusekelo

Umati wa Tukuyu hupigwa picha vizuri mvua ikinyesha. Jua likiwaka watu hutawanyika uwanja mzima, huyu kwenye mishikaki, yule kwenye mabanda ya vinyago na shanga, wengine wamelala juu ya nyasi wanabishana mpira. Mvua ikianza wanajibana mbele ya jukwaa chini ya miavuli, mifuko ya nailoni na majani ya migomba, bega kwa bega, na kamera zetu zinapenda bega kwa bega. Kwa hiyo mvua ilipoanza siku ya pili ya tamasha, nilivuta kofia ya koti, nikapanda ngazi yangu ya alumini na kukaa juu yake kama mtu aliyekuja kuchuma maparachichi.

"Kupe huyo!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka chini, na wenzake wakacheka. "Dada kupe, usininyonye mimi, sijala tangu asubuhi!"

Nikampungia mkono. Zamani ningemjibu, tena ningemjibu neno ambalo wenzake wangemcheka nalo mpaka jioni. Siku zile nilikuwa napunga mkono tu.

Nikabonyeza kitufe nusu. Sindano ndogo pembeni ya kioo ikapanda, ikatikisika, ikasimama kwenye kumi na nane. Sikioni mwangu, kutoka Dar es Salaam, mhariri wangu Kaka Hemedi akaguna.

"Kumi na nane, Atu. Kumi na nane ni kikao cha harusi. Nipe kina."

"Wanasikia baridi."

"Wateja wangu hawanunui baridi. Wana viyoyozi."

Kina ndicho tunachouza. Mteja wetu anaweka kiganja juu ya picha, na kwa muda wa wimbo mmoja anahisi walichohisi watu waliokuwa uwanjani: msisimko, ulevi wa ngoma, ile raha ya kupotelea katikati ya wengi. Sura za watu na rangi za taa ni pambo. Hata simu ya mtoto inapiga sura.

Shida ya kamera hizi ni kwamba hazichagui. Mpiga picha naye ni mtu, anasimama karibu kuliko wote, na yaliyo moyoni mwake yanaingia kwenye bamba, kile kioo kinachobeba picha, pamoja na ya umati. Mwanzoni kabisa kampuni iliuza picha nzuri sana za taarabu, wateja wakaweka viganja, wote wakapata haja ndogo. Kumbe mpiga picha alikuwa amejibana tangu saa nne. Ndipo wakaleta viraka vya ganzi. Ni kitu kidogo kama kifungo cha shati, kinabandikwa nyuma ya sikio, nacho kinafunga moyo wote kama bomba. Unaona, unasikia, unajua jua ni kali na huyu amekutukana, lakini hakuna kinachofika ndani. Kanuni inasema ukimaliza kazi ubandue. Mimi changu nilikuwa sijakibandua tangu mwezi wa tatu, na hakuna aliyeniuliza, maana kazi zangu zilikuwa safi kuliko za wenzangu wote.

Jukwaani bendi ya Gwakisa ilikuwa imefika wimbo wa nne. Magitaa mawili, kinanda, na Gwakisa mwenyewe nyuma ya ngoma akiwa na shati lililolowa mpaka linaonyesha fulana. Vijana walikuwa wanaruka, lakini waliokuwa nyuma walikuwa wanatazama mawingu. Nikapiga picha moja. Bamba likalia kwa sauti yake ndogo, na mistari ya mbele ya umati ikapiga miayo.

Hilo nalo nilieleze, maana ndilo lililotupatia jina la kupe. Kamera hizi hazinakili, zinachota. Kinachoingia kwenye bamba kimetoka kwa mtu, na hakibaki kwake. Ukichota kwa watu elfu tatu kila mmoja anapungukiwa na kijiko tu. Anarudi nyumbani amechoka kidogo, anasema ni baridi, anasema ni muziki, analala mapema. Kesho amejaa tena. Bango pale getini linasema kuingia ni kukubali, na chini yake, kwa maandishi ambayo hakuna anayesimama mvuani kuyasoma, kuna kanuni ya serikali: katika picha ya umati, mtu mmoja asichotwe zaidi ya sehemu ya kumi ya picha nzima.

"Atu," akasema Kaka Hemedi. "Wanapoa huku kwangu. Mwambie kijana apandishe."

Huo ulikuwa utaratibu wetu na bendi zote. Nikiinua ngumi, mpiga ngoma anabadilisha mdundo, anaweka kitu kizito zaidi. Asubuhi nilikuwa nimekaa na Gwakisa tukapanga. Nilimuuliza ana mdundo gani unaoweza kumshika hata mtu aliyekuja kuuza karanga. Akasema upo, ila huo haupigwi tamashani, huo ni wa msibani. Mimi baba yangu ni wa Kiwira. Naujua mdundo huo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Huku kwetu maiti alipigiwa ngoma, wanaume wakacheza tope likawafika vifundoni, na wanawake wakalia mpaka sauti zikakauka. Nilijua yote hayo. Nikamwambia, "Huohuo."

Nikainua ngumi.

Gwakisa aliniona. Akaendelea kupiga mdundo uleule, macho yake kwangu, kama mtu anayetaka kuulizwa mara ya pili. Nikainua ngumi tena. Akaweka chini fimbo zake, akavuta ngoma kubwa, na akaanza kwa viganja.

Magitaa yalinyamaza yenyewe. Vijana wakaacha kuruka. Mama mmoja aliyekuwa anauza chai akaweka birika chini. Kisha umati wote ukaanza kuyumba kwa pamoja, taratibu, na sindano yangu ikaondoka kwenye ishirini ikaenda arobaini, ikaenda hamsini na tano. Kamera ikaanza kujitafutia yenyewe, kama inavyofanya ikipata kitu, ikazunguka kushoto, ikashuka, ikasimama.

Mbele kabisa, kwenye uzio, alikuwa mwanamke wa rika langu, sweta la bluu, kanga kiunoni, hana mwavuli. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nilidhani anaimba. Kisha nikaona mikono yake inavyoushika uzio nikajua haimbi. Sindano ikafika sabini. Ikafika tisini. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona tisini, na mkono wangu haukutetemeka, kwa sababu mkono wangu haukuwa na sababu ya kutetemeka. Nikabonyeza.

Bamba likalia. Yule mwanamke akafunga mdomo. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akatazama kulia na kushoto, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Mwenzake aliyekuwa pembeni yake, aliyekuwa amemshika mgongoni, akamgeuza na kumtazama usoni.

"Mungu wangu," Kaka Hemedi akasema sikioni. Kivuli cha picha humfikia kwenye meza yake, hafifu sana, kama harufu ya chakula kwa jirani. "Mungu wangu, Atu. Nimemkumbuka mama yangu."

Nikasoma namba zilizo chini ya kioo. Umati, sita. Mtu mmoja, tisini na nne.

"Imevuka kanuni," nikasema. "Ni ya mtu mmoja."

"Nimeona. Namba niachie mimi, nitazichanganya na picha zako nyingine huku. Wewe lete bamba kwenye sanduku jioni. Usiliweke mvuani."

*

Hema la waandishi lilikuwa nyuma ya jukwaa, na ndani yake palikuwa na meza, viti vya plastiki, chupa ya chai, na lile sanduku la kampuni ambalo bamba likiingizwa, kilichomo kinakwenda Dar na hakirudi tena. Linafunguka jioni shughuli za siku zikiisha, si kabla. Nilikaa nikalifuta bamba matone. Ni kipande cha kioo cheusi kama simu ndogo, halina uzito wa kutajika.

Kaka Hemedi alikuwa bado ananisemesha. Mimi simwiti mtu mbaya. Ameniuguza mara mbili, amenilipia kodi ya nyumba nikiwa sina kitu, na alichokuwa anasema kilikuwa na maana.

"Hapa ofisini kuna mzee wa mahesabu, alifiwa na mkewe. Mwaka wa tatu huu hajatoa chozi, anakaa anatazama ukuta. Nimemwita, nimemwekea kiganja chake kwenye kivuli tu. Kivuli, Atu! Amelia kama mtoto. Amenishika mkono amenishukuru. Unajua mji huu una watu wangapi kama yule? Watu wamekauka. Hii picha ni dawa."

"Na mwenye nayo?"

"Mwenye nayo umempunguzia mzigo. Kuna anayelilia kurudishiwa kilio?" Nikamsikia akisukuma kiti. "Alasiri imefika. Naenda kuswali, nikirudi nakuta upo palepale."

Kamera nilikuwa nimeivaa kifuani, nimeitia bamba jipya, taa yake ya kijani inawaka. Haizimwi na sisi. Kamera hizi hufunguliwa na kufungwa kutoka Dar, hata kitufe wanaweza kukibonyeza wao, ili mpiga picha asije akaamua kujiuzia kazi pembeni. Unazizoea, kama unavyozoea saa ya mkononi.

Gwakisa ndiye aliyewaleta. Alifungua pazia la hema, maji yanamtiririka kidevuni, nyuma yake wamesimama yule mwanamke wa sweta la bluu na mwenzake.

"Hawa wanakutafuta," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilikwambia kwa macho, dada. Hukuyasoma?"

"Niliyasoma," nikamwambia, na ndiyo ilikuwa kweli. Akanitazama muda mrefu, akaachia pazia, akaenda zake.

"Wewe ndiye uliyekuwa juu ya ngazi?" akauliza mwenzake. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, macho mekundu.

"Ndimi. Karibuni, kaeni."

"Hatukuja kukaa."

Lakini yule wa sweta alikwisha kaa. Alikuwa anaitazama chupa ya chai. "Kuna chai?" akauliza. "Na hizo chapati ni za nani?"

"Ni za watu wote. Chukua."

Akachukua chapati, akaikunja, akala kwa utulivu, vipande vikubwa. Yule mwenzake alimtazama akila na machozi yakaanza kumtoka.

"Naitwa Tumpe," akasema. "Huyu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Mama Lusekelo. Lusekelo ndiye mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka minne, tumemzika mwezi wa sita. Homa tu. Tangu siku ile huyu hakulia. Chakula tunambembeleza, usiku amekaa kitako, ukimwambia lia mwaya, lia utapona, anakutazama. Leo nikasema twende tamashani hata aone watu. Ngoma ikapigwa, ile ngoma, na mimi nikataka kumtoa, lakini nikamwona ameanza kulia. Dada, nilishukuru! Nikamshika mgongo nikamwambia haya, mlilie, mlilie mwanao. Hata dakika haikuisha. Akakoma." Akapigisha viganja vyake mara moja. "Hivi. Namuuliza, vipi? Ananiambia, nina njaa."

"Nina njaa kweli," akasema Mama Lusekelo. "Wifi, kula na wewe. Ziko laini."

"Unamwona?" Tumpe akaniambia. "Unamwona alivyo?"

Ningependa kusema niliona aibu. Sikuona. Nilijua tu kwamba hapa palikuwa mahali pa kuona aibu, kama unavyojua mtaa uliowahi kuishi hata ukipita ndani ya gari.

"Mama Lusekelo," nikamuuliza, "unamkumbuka mtoto?"

Akafikiri kwa makini, kama mwanafunzi mzuri. "Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka kaptura tuliyomzika nayo, niliifua mwenyewe. Alikuwa hawezi kusema samaki, anasema chamaki. Yote nayakumbuka. Ila nikiyakumbuka ni kama naambiwa habari za mtoto wa jirani, tena jirani wa kule tulikohama." Akanywa chai. "Asubuhi haikuwa hivi. Asubuhi kulikuwa na jiwe hapa. Sasa hakuna. Ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. Nikaliweka bamba mezani kati yetu. "Kiko humu. Chote."

Tumpe akanyoosha mkono, nikamzuia.

"Ukigusa wewe utapata harufu tu. Akigusa yeye kinamrudia, bamba linabaki tupu. Lakini ni kabla halijaingia kwenye lile sanduku. Likishaingia, basi."

"Na mkubwa wako?"

"Hataki mguse."

"Na wewe unatakaje?"

Nikatafuta jibu ndani mwangu kwa uaminifu kabisa na sikukuta kitu. "Mimi sitaki chochote," nikasema. "Sijataka chochote tangu Machi."

"Basi mrudishie!" Tumpe alikuwa anapaza sauti. "Unangoja nini? Wifi, weka mkono hapo!"

Mama Lusekelo hakuuweka. Alifuta vidole vyake kwa kanga, kimoja kimoja, akalitazama lile bamba.

"Subiri, wifi. Usinikimbize. Hapa nilipo sina maumivu. Nimekula. Leo nadhani nitalala. Nikiuweka mkono, ninarudi kule." Akaniinulia macho. "Wewe unazijua hizi. Ungekuwa mimi, ungechukua?"

Swali hilo nilikuwa naliogopa; yaani, ningekuwa na uwezo wa kuogopa, ndilo ningeliogopa. Ningeweza kumwambia chukua, na Tumpe angenibariki. Ningeweza kumwambia acha, na lile bamba lingekuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, na wangepona wengi kama yule mzee wa mahesabu. Yote mawili yalikuwa na uzito sawasawa mkononi mwangu, na uzito huo ulikuwa si kitu. Nikamwambia lile lililokuwa kweli.

"Mimi sikuchukua changu."

"Ulifiwa?"

"Kaka yangu, Ambokile. Pikipiki. Nilikuwa kazini nikapigiwa simu, nikaenda kuzika na hiki kitu kikiwa nyuma ya sikio. Nilipokea wageni, nilisimamia vyombo, nilihesabu sahani baada ya matanga. Watu wakasema Atuganile ana moyo. Mama yangu alilia akiwa amenishika mimi, na mimi nikawa nafikiria maji ya kuoshea masufuria. Niliporudi nyumbani nikataka kubandua. Nikasema kesho."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake nikasema kesho."

"Na sasa ukoje?"

"Sasa ni mpiga picha mzuri."

Tumpe alikuwa amekaa sasa. Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya turubai, na huko jukwaani wengine walikuwa wanajaribu vipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Nitaumwa na kitu gani basi, nikibaki hivi?" akauliza Mama Lusekelo.

"Hutaumwa na kitu. Utafanya kazi, utaongea na watu, utacheka wakicheka. Utajua siku ya kuzaliwa kwake ikifika. Utaipita."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei. Kisha akauliza jambo ambalo katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

"Hao watakaonunua. Watakapoweka viganja vyao na kulia. Watajua wanamlilia nani?"

"Hapana."

"Hawataandikiwa jina lake?"

"Hawatajua hata kama ni mtoto. Kila mmoja atamlilia wake. Picha itakuwa na jukwaa, mvua, umati. Kichwa chake kitaandikwa kitu kama 'Tukuyu, siku ya pili'."

"Na mimi sitamlilia, kwa sababu sina cha kumlilia nacho."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hatakuwa na mtu," akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehesabu watu wa kwenda safari akagundua gari limeondoka na mmoja amebaki kituoni. "Baba yake yuko migodini, alikuja kuzika akarudi. Wifi ana watoto wake watatu. Mimi ndiye niliyekuwa wake."

"Mimi namlilia," Tumpe akasema.

"Najua, wifi. Wewe unamlilia kama shangazi." Akalivuta lile bamba karibu kwa ncha ya kanga, bila kuligusa. "Mimi naitwa Mama Lusekelo. Sina jina jingine watu wanaloniita. Nitaitika vipi?"

Akauweka mkono.

*

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Alikitazama kiganja chake juu ya kioo cheusi, nami nikalitazama bamba, nikaona mwanga ule hafifu ulioko ndani unaanza kufifia kutoka pembeni kwenda katikati.

"Lusekelo," akasema. Aliita kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kumwita mtoto aje anawe mikono. Kisha akaita tena, na mara ya pili sauti ilipasuka katikati. Kiti chake kikaanguka. Tumpe alimwahi kabla hajafika chini, wakashuka wote wawili mpaka kwenye nyasi zilizolowa, na kilichotoka kifuani mwa yule mwanamke kikanyamazisha vipaza sauti vya huko nje. "Mwanangu ee! Mwanangu, ulikuwa baridi, nikakufunika ukawa baridi! Lusekelo ee!"

Taa ya kijani kifuani mwangu ikaruka ikawa nyeupe. Nikaitazama sindano. Arobaini. Sitini na tano. Kamera ilikuwa inamtafuta, naisikia lenzi inavyozunguka juu ya mbavu zangu, na nikaelewa kwamba kile alichokuwa amerudishiwa kilikuwa karibu kuchotwa mara ya pili, kutoka umbali wa hatua moja, na safari hii chote mia kwa mia.

"Atu!" Kaka Hemedi alikuwa amerudi. Alikuwa anahema. "Atu, ni nini hicho? Themanini! Piga! Mbona hupigi? Basi nakupigia mimi kutoka huku, tulia hapohapo, usiisogeze."

Sikupata huruma. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye Tumpe alimwambia kila mtu kwamba yule dada wa picha alikuwa na roho nzuri. Nilimtazama Mama Lusekelo pale chini, kamasi na mvua na nyasi usoni, na ndani mwangu palikuwa pamenyooka kama sakafu. Lakini nilijua. Mtu anaweza kujua bila kuhisi, kama anavyojua njia ya nyumbani gizani. Nikaishika kamera kwa mikono miwili, nikaigeuza lenzi ikatazama kifua changu, pasipokuwa na cha kuchota, nikaikumbatia kwa nguvu nilizokuwa nazo.

Bamba likalia. Kaka Hemedi alikuwa amebonyeza.

Kisha nikasikia anagongagonga meza yake kwa kidole.

"Inasoma sifuri," akasema. "Ilikuwa themanini na kitu, sasa hivi nimepiga inasoma sifuri. Si moja wala nusu, ni sifuri kabisa. Sijawahi kuona. Atu, umeielekeza wapi hiyo kamera?"

"Kwangu," nikamwambia.

Akapiga tena, na tena, na kila mara bamba likalia dhidi ya mifupa ya kifua changu, nami nikabaki nimeikumbatia hivyohivyo mpaka Mama Lusekelo alipomaliza kumlilia mwanawe, na hakumaliza upesi.